Ampli ya lampe: lampe moja ikiungua, zile tatu hazina kosa

Kuna neno moja linalorudi kila mara ampli ya lampe inapofika mezani pa fundi na lampe moja ya nguvu imekufa: « Nunua zote nne, zipachike, mambo yaishe. » Neno hilo linasemwa Bruxelles, linasemwa Nairobi, na Bukavu vilevile. Linasikika kama busara. Lakini kwa mtu anayepaswa kutuma feza hadi Ulaya ao Asia, kisha kungoja majuma mengi kifurushi kipite mipaka miwili ao mitatu, neno hilo ni ghali, na mara nyingi si la kweli.

Upande mwingine kuna wale wanaocheka jambo lote. Kwao lampe ni lampe: ikiingia kwenye tundu lake na ikawaka, kazi imekwisha. Hao nao wamechoma transfo nyingi. Kati ya makundi hayo mawili kuna kifaa kidogo, multimetre ya dola chache, ambayo ingemaliza ubishi kwa muda mfupi. Cha ajabu, hakuna upande unaoitaja kwanza.

Ubishi huu haufai kuachiwa wapenzi wa vitu vya kale peke yao. Rumba ya Kongo, ambayo Unesco iliiandika kwenye orodha ya urithi wa wanadamu mwezi wa 12 mwaka 2021, ilirekodiwa kwanza katika dunia ya lampe. Wakati studio ya Ngoma ilipoanza kazi Léopoldville mwaka 1948, transista ilikuwa bado kitu cha maabara kule Marekani, imevumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1947 tu. Ukiondoa gramofoni za kuzungushwa kwa mkono, sauti ilipita ndani ya lampe wakati wa kurekodi na ikapita tena ndani ya lampe wakati wa kusikilizwa. Aliyerithi ampli ya miaka ile kwa baba yake, ao aliyeipata okazyo, ana mashine ambayo sehemu yake ya thamani kubwa haionekani kwa macho: transfo ya kutoa sauti. Lampe inanunuliwa. Transfo hiyo ikiungua, kuipata nyingine ya namna ileile ni safari ndefu, na mara nyingi ampli inaishia kwenye ghala.

Tena lampe zenyewe zinatoka pahali pachache. Leo lampe za nguvu zinatengenezwa hasa Saratov kule Urusi, Čadca kule Slovakia, na China. Kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza, kilichokuwa kati ya vikubwa vya Ulaya, kiliacha kutengeneza lampe miaka ya 1980. Mwezi wa 3 mwaka 2022, majuma machache baada ya vita ya Ukraine kuanza, lampe za Urusi zilizuiwa kwa muda kutoka nchini na bei zikapanda duniani. Kumwambia mtu atupe lampe tatu nzima sababu ya moja iliyokufa, katika soko la namna hiyo, si ushauri mwepesi.

Ili kujua nani ana haki, sherti kwanza kuelewa lampe hizo zinafanya nini zikiwa mbilimbili.

Ampli nyingi za stereo zina lampe nne za nguvu, mbili kushoto na mbili kuume. Kila mbili zinafanya kazi kama wapasua mbao wenye msumeno mrefu, wale wanaoonekana porini Kivu na Ituri: mmoja anavuta, mwenzake anamfuata, kisha wanabadilishana. Mbao zinatoka zimenyooka sababu nguvu zao zinalingana. Mmoja akiwa na homa, kazi inapinda hata kama mwenzake ni hodari.

Ndani ya ampli, msumeno huo ni transfo ya kutoa sauti. Hata muziki ukinyamaza, kila lampe inapitisha mkondo wa umeme, mkondo wa mapumziko. Mikondo ya lampe mbili inaingia transfo kwa pande zilizo kinyume, hivyo sumaku ya mmoja inafuta sumaku ya mwingine. Ikilingana, chuma cha transfo kinabaki huru kwa ajili ya muziki. Isipolingana, kunabaki sumaku ya kudumu inayokula nafasi ndani ya chuma. Besi ndiyo inayoumia kwanza: inapungua, inakwaruza mapema. Na ule mlio wa « mmm » wa umeme, ambao mpangilio huu wa mbilimbili kwa kawaida unaufuta wenyewe, unaanza kusikika kwenye bafle. Transfo za duara zinasumbuka zaidi kuliko zile za mabati yaliyopangwa, sababu chuma chake kinajaa sumaku haraka.

Kinachoamua ukubwa wa mkondo ni gridi, waya mwembamba uliozungushwa ndani ya lampe. Gridi inafanya kazi kama robine. Ikipewa volti hasi nyingi inafunga, ikipewa kidogo inafungua. Kiasi hicho cha volti hasi mafundi wanakiita bayasi. Lampe mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupewa bayasi ileile na bado moja ipitishe mkondo mwingi kuliko nyingine, sawa na robine mbili za nyumba moja.

Kwa hiyo kulinganisha lampe maana yake ni jambo dogo tu: zile mbili zinazovuta transfo moja zipitishe mkondo ulio karibu sawa. Jina la kiwanda, rangi ya kioo na uzuri wa boksi vinakuja mbali sana nyuma.

Mfano mzuri wa hatari iliyopo ni ampli ya Marekani, Dynaco Stereo 70, iliyotoka mwaka 1959. David Hafler na wenzake wa Philadelphia waliiuza pia kama vipande ndani ya karatoni, mnunuzi akaviunganisha mwenyewe nyumbani kwa kufuata kitabu. Ilienea sana, na hadi leo mafundi wanaitengeneza na kuinakili. Ina lampe nne za EL34 na inatoa wati 35 kila upande.

Ili kupanga mkondo wa mapumziko, maelezo yake ni mafupi: weka multimetre kwenye tundu la mbele, zungusha skurubu ya upande huo hadi usome volti 1,56. Namba hiyo ina sababu yake. Mikondo ya lampe mbili za upande mmoja inapita pamoja ndani ya rezistansi moja ya omu 15,6. Volti 1,56 maana yake ni miliampea 100 kwa lampe mbili, yaani 50 kwa kila moja.

Ao ndivyo mtu anavyodhani. Rezistansi ile inaona jumla tu. Lampe moja ikipitisha 65 na nyingine 35, jumla inabaki 100, multimetre inasoma 1,56, na mwenye ampli anafunga kifuniko na moyo mweupe. Kumbe ndani kuna shida. Ampli hii inaweka zaidi ya volti 400 kwenye anodi. Kwa volti 420, miliampea 50 ni wati 21 za joto. Miliampea 65 ni wati 27. EL34 imepewa mpaka wa wati 25. Hesabu hii ni ya mkono, sababu sehemu ndogo ya mkondo inapitia gridi ya pili, lakini inatosha kuonyesha lampe ipi itakufa kwanza. Mkondo ukizidi zaidi, sahani ya ndani inaanza kuwa nyekundu kama kaa la moto. Hapo ampli inazimwa mara moja, bila kungoja wimbo uishe.

Wanaosema « lampe ni lampe » wanakosea hapo. Katika ampli yenye skurubu moja kwa lampe mbili, kupachika lampe mpya karibu na ya zamani bila kuipima ni kamari, na kinachowekwa mezani ni transfo.

Si ampli zote zenye skurubu. Quad II ya Uingereza, ya mwaka 1953, ina KT66 mbili zinazojipanga zenyewe kwa rezistansi iliyo chini ya katodi: mkondo ukiongezeka, volti ya rezistansi nayo inaongezeka na robine inajifunga kidogo. (Quad II ni ya upande mmoja tu, stereo inadai mbili.) Lakini nayo inatumia rezistansi moja kwa lampe zote mbili, kwa hiyo inasahihisha jumla na kuacha tofauti ilivyo. Ampli zinazoipa kila lampe rezistansi yake zinasamehe zaidi.

Sasa wale wa « nunua zote nne ». Katika Stereo 70, kushoto na kuume havichangii transfo ya kutoa sauti, wala skurubu. Vinachanga transfo kuu na lampe ya GZ34 inayonyoosha umeme. Lampe mbili za kushoto sherti zilingane kati yao, na mbili za kuume kati yao. Kushoto kuwa na jozi ya Slovakia na kuume jozi ya Urusi hakuvunji chochote. Ukubwa wa sauti ya kila upande unategemea zaidi lampe ndogo za mwanzo, pamoja na ule mrejesho unaochukua sehemu ya sauti ya mwisho na kuirudisha nyuma ili kusahihisha makosa. Wapo watakaoapa kwamba wanasikia jozi mbili tofauti wakiwa wamefumba macho. Wafumbwe macho kwa kitambaa na rafiki abadilishe nyaya, halafu waulizwe tena.

Maana yake kwa mfuko wa mtu ni hii: lampe moja ikifa, jozi moja ndiyo inayoguswa. Jozi ya upande mwingine inabaki kazini. Na ile lampe nzima iliyopoteza mwenzake haitupwi. Inapimwa, inaandikwa namba, inawekwa ndani ya boksi, inangoja. Siku nyingine lampe nyingine itapoteza mwenzake, na huenda hizo mbili zikafaana. Jozi nyingi nzuri zilizaliwa namna hiyo.

Neno kuhusu karatasi za wauzaji. Kwenye boksi kuna namba mbili mara nyingi: mkondo wa anodi, na namna lampe inavyoitikia badiliko dogo kwenye gridi. Lampe zenye namba za karibu zinafungwa pamoja na kuuzwa ghali kidogo. Kazi hiyo ina maana, na muuzaji mwaminifu anastahili feza yake. Kosa ni kuigeuza karatasi kuwa Biblia. Namba hizo zinapatikana kwa volti aliyoichagua muuzaji, mara nyingi chini ya zile zilizomo ndani ya ampli. Lampe mbili zinazokubaliana kwa volti 250 zinaweza kuachana kwa volti 420. Namba 38 ya muuzaji mmoja haina undugu na 38 ya mwingine, kila mmoja ana mashine yake. Tena lampe mpya inabadilika katika masaa yake ya kwanza ya kazi, kwa hiyo mkondo unapimwa siku ya kwanza, unapimwa tena baada ya juma, na tena baada ya mwezi. Anayepachika jozi iliyo na karatasi na asipime tena, amenunua karatasi.

Kwenye soko la lampe za zamani kuna baya zaidi: jina linafutwa, jingine linaandikwa. Rangi ya jina kwenye kioo inaweza kutoka hata kwa kidole. EL34 za kweli za Mullard zina alama ndogo sehemu ya chini ya kioo, kama Xf2, na mstari unaoanza na herufi B ya Blackburn. Bei ya Mullard bila alama hiyo ni bei ya rangi.

Kupanga lampe bila karatasi yoyote inawezekana, na si uchawi. Fundi ana EL34 nne zilizotoka pahali mbalimbali. Anazipima moja moja ndani ya tundu lilelile, bila kugusa skurubu, akiipa kila moja dakika kumi ili itulie. Anapata miliampea 44, 53, 46 na 51. Akizipachika kwa mfuatano huo, kushoto kunakuwa na 44 na 53, tofauti 9. Kuume 46 na 51, tofauti 5. Akizigeuza, 44 na 46 zikakaa kushoto, 51 na 53 kuume, tofauti inakuwa 2 kila upande. Kisha anarudisha skurubu ya kila upande hadi jumla ifike 100. Lampe ni zilezile. Hakuna hata franga moja iliyotoka.

Tofauti ya kiasi gani inakubalika? Kwa ampli ya nyumbani yenye transfo ya kawaida, miliampea 5 juu ya 50 haipaswi kumnyima mtu usingizi. Fundi mkali atataka 2 ao 3. Ikipita 10, lampe hizo zitenganishwe.

Njia safi ya kupima ni kuipa kila lampe rezistansi yake ya omu 1 kati ya katodi na masi. Hapo miliivolti 1 inasoma miliampea 1, bila hesabu, na multimetre haigusi volti kubwa. Katika Stereo 70 mafundi wengi wanatoa ile rezistansi ya omu 15,6 na kuitenganisha kuwa mbili. Wengine wanaenda mbele zaidi, wanaongeza skurubu ili lampe zote nne zipangwe kila moja peke yake. Ampli iliyofanyiwa hivyo inaweza kupokea lampe ambazo si mapacha: moja inafungwa kidogo, nyingine inafunguliwa kidogo, na zote zinapumzika kwa 50. Muziki ukiwa mkubwa, moja bado inaweza kuvuta kuliko mwenzake, na sikio la makini litaisikia. Lakini transfo haina tena sumaku ya kudumu, na hakuna lampe inayopikwa kimyakimya. Kwa mwenye ampli aliye mbali na duka, kazi hiyo ya mara moja ina faida kuliko karatasi kumi za wauzaji, na inashangaza kwamba haifanywi kwa kila ampli inayofunguliwa.

Kuna kuchanganya kwa namna nyingine, na hapo ruhusa inaisha. EL34 na 6CA7 ni lampe moja, ya kwanza kwa jina la Ulaya na ya pili kwa jina la Marekani. EL84 na 6BQ5 vilevile. Fundi anayekataa 6BQ5 sababu kwenye ampli kumeandikwa EL84 anampotezea mteja wakati. Lakini EL34, 6L6GC, KT66 na KT88 zinaingia tundu lilelile la miguu minane na si lampe moja. EL34 inakula ampea 1,5 ili kupata moto, 6L6GC ampea 0,9, KT88 ampea 1,6. Kutoa EL34 nne na kuweka KT88 nne ni kuiongezea transfo kuu ampea 0,4, na transfo hiyo huenda ina miaka 60. Mguu namba 1 wa EL34 ni gridi ya tatu, sherti uungwe na katodi. Kwa 6L6 mguu huo hauna kazi hiyo, na baadhi ya ampli zinautumia kama pahali pa kufungia waya mwingine. Kupachika EL34 humo bila kuangalia ni kutafuta moshi. Na kuweka EL34 moja na KT88 moja kwenye transfo moja, hakuna hesabu inayoweza kutetea jambo hilo, hata kama zote mbili zinawaka vizuri gizani.

Linalosahaulika zaidi ni kujua kama lampe ndiyo yenye kosa. Lampe ikionekana nyekundu, kishawishi ni kuitoa na kupachika mpya. Kabla ya hapo, ampli izimwe, ipoe, na lampe mbili za upande huo zibadilishane tundu. Wekundu ukiifuata lampe kwenye tundu jipya, lampe imekwisha. Wekundu ukibaki kwenye tundu lilelile na lampe tofauti, basi ampli ndiyo mgonjwa. Mara nyingi ni kondansateri ya zamani kati ya lampe ndogo na ile kubwa, inayovujisha volti chanya hadi kwenye gridi na kuiacha robine wazi. Kondansateri za karatasi za miaka ya 1950 na 1960 zinajulikana kwa ugonjwa huo. Zinauzwa bei ndogo sana kando ya bei ya lampe. Aliyenunua lampe nne mpya bila kufanya jaribio hili anaweza kuona ya kwanza ikiwa nyekundu jioni ileile, halafu anamlaumu muuzaji.

Kwa ampli ndogo zenye lampe moja tu ya nguvu kila upande, kama zile za EL84 moja moja, mambo ni mepesi. Transfo yake imetengenezwa ili kubeba mkondo wa upande mmoja, hakuna mwenzake wa kulingana naye. Kulipa zaidi kwa « jozi iliyolinganishwa » hapo ni karibu kutupa feza. Pande mbili zikitoa sauti ya nguvu moja, inatosha.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani havikulifikiria sana: volti ya ukutani haikai pahali pamoja. Jioni, wakati kila nyumba inapika, inashuka. Usiku wa manane inapanda. Volti za ndani ya ampli zinapanda na kushuka nayo, moto wa lampe pia, ambao unapaswa kukaa karibu na volti 6,3, zaidi ao pungufu ya sehemu moja ya kumi. Ile volti hasi ya gridi inatoka kwenye transfo hiyohiyo, kwa hiyo inasaidia kidogo, lakini haitoshi. Fundi anayepanga 50 saa moja ya jioni wakati ukuta una volti 195 anamwachia mteja ampli itakayopitisha zaidi saa sita ya usiku. Volti ya ukutani ipimwe kwanza na kuandikwa kando ya miliampea. Ikiwa iko chini sana ao juu sana, ampli ipangwe na sitabilizateri, ama kazi ingoje saa nyingine. Na kurudi kwa umeme baada ya delestaji ni wakati mbaya wa kuacha ampli ikiwa imewashwa bila mtu chumbani.

Lakini kazi hizi si za kila mtu. Ndani ya ampli hizi kuna zaidi ya volti 400, na kondansateri kubwa zinaweza kuzishika hata baada ya waya kutolewa ukutani. Zinamwagwa kwanza kwa rezistansi, kisha zinapimwa, ndipo mkono unaingia. Mkono mmoja, wa pili mfukoni. Na ampli ya lampe haiwashwi na kupewa muziki bila bafle kufungwa nyuma, sababu umeme ukikosa njia unaruka ndani ya transfo.

Ndiyo maana kazi hii inafaa kuwa ya mafundi wa mji, na wao ndio wanaopoteza nafasi leo kwa kumtuma mteja akanunue nne. Fundi wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi angeweza kuagiza lampe sita ao nane zisizo na karatasi kwa mara moja, kuzipima mwenyewe kwa volti za ampli zinazofika kwake, na kuuza jozi alizozilinganisha kwa mkono wake, na malipo ya kazi hiyo yakabaki mjini. Anahitaji rezistansi chache za omu 1, multimetre anayoiamini, na daftari ambamo kila lampe ina namba yake, tarehe, volti ya ukutani ya siku hiyo na miliampea zake.